Bomba la Pili

Kliniki ya meno, mapokezi
4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya na si na hasira. Sisi wazima, ukiacha mafua ya Mama, ambayo mwenyewe anakataa kuyaita mafua. Anasema ni vumbi la chaki, wakati alistaafu kufundisha mwaka juzi na chaki hajaigusa tangu hapo. Mdogo wangu amepata kazi ya kuendesha gari la mikate, kwa hiyo siku hizi nyumbani tunakula mikate iliyobonyea. Anakusalimu. Mama hakuniambia nikusalimie, lakini ameniona naandika na hakuuliza naandika kwa nani. Hiyo ihesabu kama salamu.

Sasa tangi. Lile tangi la matumbawe ulilotufungia hapa chumba cha kusubiri, kabla hujaondoka ghafla kama mtu anayekimbia mvua. Kunguruma lilikuwa linanguruma tangu siku ya kwanza, tukazoea. Lakini mwezi uliopita pampu ikafa, na Daktari akanunua mpya mwenyewe, kubwa maradufu, akasema kubwa ndiyo nzuri. Mjomba, hapakaliki. Mgonjwa anakaa kwenye kiti, ana hofu zake, mara chini ya kabati anasikia gwarr, gwarr, fyooo, anadhani kuna mtu huko ndani anasukutuliwa kwa nguvu. Jana baba mmoja alishika shavu lake na jino lake akaondoka navyo.

Daktari amesema mwisho ni mwezi wa nne. Kama halijanyamaza, linatoka, inawekwa televisheni. Na yale matumbawe ya zambarau uliyoyabandika yakiwa kama kucha, sasa yamekuwa ngumi. Nani atayachukua?

Nimekupigia simu mara sita. Inaita, inaita, inakatika. Meseji unajibu "Sawa" tu, hata nikiuliza swali. Tangu ile simu yenu ya mwisho, wewe na Mama, ambayo hataki kabisa kusimulia, hakuna anayesikia sauti yako. Kuna nini?

Mpwa wako


19 Februari

Bi Mapokezi, mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi mpaka nikaisoma barua yako nimesimama langoni, watu wakinipita na matoroli. Mpe hongera dereva wa mikate. Mama yako mpe maji ya moto yenye tangawizi, na usimwambie ni ya mafua, mwambie ni ya chaki.

Mimi mzima. Nipo karakana ya vioo, tunakata na kugundisha matangi. Mashine za hapa zina kelele za kutoboa kichwa, kwa hiyo kutwa tumevaa vifuniko vya masikio na tunaongea kwa mikono kama waamuzi wa mpira. Napapenda. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo, inawaka siku ikipenda. Na mambo ya maji hayaelezeki kwa meseji. Tuandikiane.

Usiniambie "kelele". Kelele si moja, na kila moja ina dawa yake, kwa hiyo nielezee kwa maneno, polepole, kama unamwelezea mtu ambaye hayupo. Ikiwa ni kama mtu anayemalizia soda kwa mrija, basi bomba la kushushia maji linavuta hewa. Ikiwa ni nyuki ndani ya kopo, pampu inagusa kioo cha lile tangi dogo la chini, ndani ya kabati. Na ikiwa ni kikohozi, na mapovu yanapanda juu kwenye matumbawe, hapo pampu yenyewe inakunywa hewa kwa sababu maji ya chini yamepungua. Ongeza maji baridi yasiyo na chumvi, maana kinachokauka ni maji, chumvi haiendi popote.

Lakini kwanza punguza pampu. Daktari wako anajua meno. Tangi lina lita mia nne, na nataka maji yote yashuke chini na kurudi juu mara nne au tano kwa saa, basi. Mawimbi ya matumbawe yanatoka kwenye zile feni mbili za ndani, hiyo si kazi ya pampu ya kurudisha. Chukua ndoo ya lita kumi, shika mpira unaorudisha maji juu, uelekeze kwenye ndoo, hesabu. Ijae kwa sekunde ishirini hivi. Ikijaa mapema, zungusha kitufe cha pampu urudishe nyuma.

Halafu izime pampu kabisa dakika tano, uangalie maji yanayoshuka yanaishia wapi. Tangi la chini lisijae hadi ukingoni. Hilo usilipuuze hata kama unaona nakusumbua.

Mjomba wako


6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Tangawizi amekunywa, akaniambia ninaingiza pilipili kwenye maji ya watu. Mdogo wangu amegonga geti la shule na gari la mikate; geti liko hoi, mikate salama.

Ndoo yako ilijaa kwa sekunde saba! Nililowa mpaka kwenye soksi, na Daktari akatoka na koleo mkononi kuuliza kama kuna bomba la jiji limepasuka. Nimerudisha kitufe nyuma, nikapima tena, kumi na tatu, kisha ishirini na moja. Nikaacha hapo. Nyuki ndani ya kopo alikuwepo pia. Niliinua pampu nikaweka sponji chini yake, akaondoka. Nilipozima, maji ya tangi la chini yalipanda yakasimama vidole vinne kutoka ukingoni. Umeridhika?

Kilichobaki ni mwenye mrija. Yeye hachoki. Anavuta, ananyamaza kidogo kama amekumbuka jambo, anavuta tena. Mimi nakaa hatua tatu kutoka kwake kuanzia asubuhi, na nimeanza kuota anamaliza soda yake. Niambie nimfanyeje.

Sasa Mama. Yale hayakuwa mafua. Ana uvimbe shingoni, upande wa kulia, anauficha kwa mtandio. Nilimpeleka kwa nguvu. Wanasema lazima utolewe, na kwamba upo karibu na mishipa ya sauti, kwa hiyo sauti inaweza isirudi kama ilivyokuwa. Hebu fikiria, Mama! Mwalimu ambaye akimwita mtoto wa darasa lake, madarasa matatu yanaitika.

Siku ya tatu, akichambua mboga, akasema bila kuniangalia: "Mjomba wako apige simu. Anisikie mara moja kabla hawajanikata."

Unajua jinsi asivyoomba. Piga, Mjomba. Azima simu ya mtu.

Mpwa wako


25 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara nyingi.

Mwenye mrija dawa yake ni hii. Mabomba ya kushushia maji ni mawili. La kwanza lina koki nyekundu ndani ya kabati. La pili halina koki, na asikudanganye mtu uliwekee. Funga koki ya la kwanza kidogo sana, upana wa kucha, kisha ondoka, uhudumie wagonjwa, urudi baada ya dakika kumi. Maji yatapanda kidogo kule juu kwenye kisanduku cha pembeni, mabomba yanapoanzia. Funga tena kidogo. Utafika mahali ambapo bomba la kwanza limejaa maji tupu, hewa imekosa njia, linanyamaza, na katika bomba la pili panapita utepe mwembamba wa maji, kama mtu aliyesahau kufunga bomba vizuri. Acha hapo hapo. Hakikisha mdomo wa kila bomba umezama vidole viwili chini ya maji. Ukizama sana utacheua, ukikaa juu utamwaga.

Usitegemee masikio peke yake. Bandika kiganja kwenye kabati. Mtetemo utaujua kabla ya sauti.

Bomba la pili ni mlinzi. Konokono akiingia kwenye la kwanza akaziba, maji yote yatakimbilia la pili, nalo litanguruma kwa nguvu. Siku likinguruma, usifute kioo, usimalizie kitu. Zima pampu palepale.

Kuhusu mama yako. Mwambie namwombea. Mwambie nitamwandikia. Kupiga siwezi kwa sasa, kuna mimi si— mambo ya kazi. Hapo nilipokata "mimi si" nilikosea tahajia tu.

Mjomba wako


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama bado anasubiri tarehe ya hospitali. Namsikia chumbani akisoma gazeti kwa sauti, kurasa zote, hadi matangazo ya viwanja.

Tangi limenyamaza. Ilinichukua siku mbili na koki yako. Daktari alitoka na glovu zake, akasimama katikati ya chumba, akauliza: "Umelizima?"

"Hapana, Daktari."

Akapiga magoti, akafungua kabati, akachungulia. "Linatembea?"

"Linatembea."

Akarudi ndani. Televisheni haijatajwa tena.

Ningepaswa kucheza ngoma. Lakini juzi alikuja mzee mmoja kung'oa gego, mpima ramani. Alilitazama tangi kwa muda, kisha akaniuliza nani alilifunga. Nikajibu kwa kujidai: mjomba wangu. Akasema, "Na langu alilifunga yeye." Alikuwa ameshachomwa sindano, mdomo umelegea upande mmoja, ila kila neno nililielewa. Alisema siku ulipokwenda kulisafisha yeye alikuwa chumba cha pili, bomba likinguruma asubuhi yote. Akaita, "Fundi, ni nini hicho?" Akaja mlangoni. Wewe umepiga magoti mbele ya tangi, umempa mgongo, unafuta kioo taratibu, na maji yanashuka ukutani nyuma, juu ya makabati ya ramani. Akapaza sauti. Hukugeuka mpaka maji yalipokufikia magotini. Ramani za miaka arobaini, Mjomba.

"Nilidhani ni dharau," akaniambia. "Nilimtukana mbele ya wafanyakazi wangu wote. Wala hakujitetea."

Tangu hapo situlii. Nainuka, nakaa, nafungua faili za wagonjwa bila kujua namtafuta nani. Nakumbuka siku unatufungia tangi hapa. Nilikuambia, "Mjomba, mbona linanguruma hivi?" Ukatabasamu ukajibu, "Ndiyo, limependeza sana." Nilidhani unatania. Nakumbuka ulivyokuwa ukihama kiti ili nikae kulia kwako. Halafu hizi simu. Halafu unaniambia nikuelezee sauti kama kwa mtu ambaye hayupo.

Nakuuliza swali moja, na usinijibu habari za pampu. Mjomba, unasikia?

Mpwa wako


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Wiki saba, hujajibu. Karakana yako inapokea barua au inazikata pamoja na vioo?

Tarehe imetoka: 9 Julai. Jumapili Mama alichukua simu yangu, akaenda nayo uani, akakupigia mwenyewe. Nilimwona dirishani, amenyoosha mgongo kama yuko mbele ya darasa. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Kisha akanirudishia simu akasema, "Nilijua." Nikamwambia labda kuna sababu. Akaniambia nisimtetee mtu aliyemcheka.

Ulimcheka wapi, ulimcheka nini, hanielezi. Na mimi nilichokisia sijamwambia, kwa sababu ni chako.

Andika hata mstari mmoja. Hata kunitukana.

Mpwa wako


17 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na nisamehe. Barua yako ya mwezi wa nne nilitembea nayo mfukoni mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Sisikii. Sasa limeandikwa.

Lilianza sikio la kushoto, miaka minne sasa, likafuata la kulia. Kwanza waliondoka ndege. Kisha kengele za milango, kisha watoto. Mtu mzima akinitazama usoni na kuongea taratibu napata nusu, nusu nyingine naibahatisha. Nimekuwa bingwa wa kubahatisha. "Ndiyo." "Kabisa." "Limependeza sana." Kazi yangu yote nilijifunza kwa kusikiliza, mpwa wangu. Nilikuwa nikiingia chumba chenye tangi, kabla sijasalimia nimeshajua pampu ina mchanga au bomba lina konokono. Ningewaambia watu vipi? Nani angempa fundi kiziwi kioo chenye lita mia nne juu ya zulia lake? Basi nikanyamaza, nikaendelea kufunga matangi nisiyoyasikia. La kwenu ni mojawapo. La mpima ramani nalo. Yule mzee alinitukana, nikaona midomo yake tu, na nilijua nastahili hata nisiyoyajua.

Mama yako. Siku ile ya simu, dada yangu aliongea dakika tisa. Naziona dakika zikihesabika kwenye kioo cha simu, na sikioni mwangu ni kama mtu anayeongea ndani ya godoro. Nilisikia kitu kama "mwalimu mwenzangu" na kitu kama "wamemuaga". Nikadhani anasimulia sherehe ya kumuaga mtu kazini. Nikacheka. Nikasema, "Safi sana, alistahili." Simu ikakatika. Wiki mbili baadaye ndipo nilipopata habari kwamba rafiki yake wa miaka thelathini, aliyefundisha naye chumba kwa chumba, alikuwa amezikwa.

Ningemwambia nini? Kwamba sikusikia? Angeuliza tangu lini, na ningelazimika kusema yote. Nikaona afadhali anichukie kuliko anihurumie. Yeye ndiye aliyenilea, aliniogesha, akanifundisha kusoma kabla ya shule. Mbele yake bado nina miaka sita.

Na sasa anataka nimsikie mara moja kabla hawajamkata. Kitu kimoja alichoniomba katika maisha yake yote ndicho nisichokuwa nacho.

Usimwambie. Nitakuja nimwambie mwenyewe. Nimeomba ruhusa. Msimamizi wangu amenionyesha kwa mikono: siku kumi, halafu kazi inakuwa ya mtu mwingine. Nikiwahi, nitafika kabla ya tarehe tisa.

Mjomba wako


21 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini safari ilikuwa salama na msimamizi wako hakumpa mtu mwingine kazi yako. Mama anaendelea vizuri. Nyuzi zimetolewa jana. Uvimbe haukuwa mbaya. Wametupa majibu, na mdogo wangu alileta mkate mmoja mzima, usiobonyea, kusherehekea.

Ulikosa kuwahi kwa siku mbili, na najua hilo linakutafuna. Nilikuona mlangoni pa wodi na begi lako, yeye shingo imefungwa bendeji, hawezi kutoa hata neno, wewe huwezi kupokea hata neno, na mimi katikati kama mwamuzi. Nilitaka kulia, nikacheka. Nashukuru hukujua.

Ile karatasi uliyomwandikia anayo. Kurasa tatu, na wewe umekaa pembeni ya kitanda unatazama viatu vyako wakati anasoma. Nilipomwona anapapasa kwenye pochi nilidhani anatafuta kitambaa. Akatoa kalamu nyekundu! "Kiziwi" ulikuwa umeandika kwa s. Alisahihisha makosa yote, hadi ukurasa wa tatu, na mwisho akakuandikia yale maneno mawili, "Mjinga sana." Ulipoyasoma ukaweka kichwa kitandani. Sijawahi kumwona Mama akimshika mtu kichwa muda mrefu vile.

Zile siku tano mlizoandikiana kwenye daftari langu la miadi mmenimalizia kurasa hadi Septemba. Daktari anauliza kwa nini mgonjwa wa saa nne anaitwa "Unakumbuka yule mbuzi?"

Na asante kwa kupita kliniki. Ulipopiga magoti, ukafungua kabati ukaona ule utepe wa maji, ukanitazama, ukalifunga. Nilitaka useme neno, lakini basi.

Sasa sababu ya barua hii.

Asubuhi unaondoka, teksi ilikuwa nje inapiga honi, mimi ndiye niliyekupungia kwamba imefika. Ulimkumbatia Mama hapo sebuleni, ukachukua begi, ukageuka kuelekea mlangoni. Ulikuwa umeshatupa mgongo. Ndipo aliposema. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu akatwe. Daktari wa hospitali alikuwa amemkataza kuongea hadi wiki iishe, na sauti iliyotoka si ile tunayoijua, ni ndogo, ina mikwaruzo, hata mimi niliyekuwa karibu nilidhani ni kiti kimesogea.

Alisema, "Usiondoke."

Ukafungua mlango. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, akashika shingo. Ukashuka ngazi. Mimi nilikimbia hadi barabarani, Mjomba, na kandambili moja, teksi imeshakunja kona. Nimekutumia meseji nne; zote zinasema hazijafika. Ile ndoo iliiua simu kweli, kumbe.

Nilirudi nikamwambia tukuandikie. Akatikisa kichwa. Aliandika kwenye daftari: "Nimeshasema. Mara mbili inatosha." Unamjua. Hatasema mara ya tatu, na akijua nimekuambia ataninunia hadi mwaka mpya. Acha aninunie.

Tangu jana amekuwa akihamisha vitu chumba cha nyuma. Hajaeleza kwa nini. Amefua mapazia, na cherehani ameisogeza kwangu, kwa hiyo naandika magoti yakiwa yamebanwa. Hapa mtaani kuna matangi matatu yanayonguruma, nimeshaulizia, na mpima ramani amekuja kusafishwa meno akauliza kama upo. Nikamwambia nimekuwa masikio yako miezi mitano, naweza kuendelea.

Lakini hayo ni ya kwangu, yaache. La kwake ni hilo moja, nimelileta kama lilivyotoka kinywani mwake: usiondoke.

Mpwa wako